Moshi Wako Upeleke Mnadani

Mtaa ulipokufa, mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi mtu yeyote wa Mpanda akikusimulia jinsi mtaa wetu wa burudani ulivyofufuka, atakuanzia kwenye taa za rangi na kapeti jekundu, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa pori la fisi. Hapakuwa pori. Palikuwa na mimi, jiko langu la kuni na karai la migebuka.

Nilikaanga samaki mbele ya ukumbi mkubwa, karibu na stesheni ya reli, tangu enzi ambazo ukumbi ulikuwa na bendi yake. Mume wangu alikuwa mpiga ngoma wa bendi hiyo. Msukuma, mrefu, mpole mpaka ashike ngoma. Wenzake walikuwa na magita na tumba za dukani. Yeye alikuja na ngoma yake ya mti, kubwa, aliyoichonga mwenyewe na kuiwamba ngozi ya ng'ombe, ileile aliyoipiga kwenye mashindano ya kwao kabla hajahamia mjini. Mwanzoni walimcheka. Baadaye hawakuanza wimbo kabla yeye hajaigusa. Kila alipotaka kupanda jukwaani alikuja nayo kwanza kwenye jiko langu, akaiinamisha karibu na moto ili ngozi ikaze, na mimi nikamfokea kwamba ananizibia wateja. Mapenzi yetu yalikuwa hivyo, kwa ufupi.

Ninayetaka kumsema hapa ni mpiga gita la solo wa bendi ile. Kijana wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, huko huko migebuka yangu ilikotoka, mtanashati, shati limenyooka hata siku ya Jumatatu. Alikuwa rafiki wa mume wangu wa kula sahani moja, na sahani yenyewe ilikuwa yangu. Akiwa na njaa aliniita shemeji. Akiwa na wageni aliniita mama, kana kwamba nilimzaa, na sisi ni rika moja. Niliona, nikaendelea kumpakulia. Nilidhani ni utoto tu na utamtoka.

Mtaa haukufa kwa siku moja. Umeme wa majenereta ulikatika katikati ya nyimbo, treni ikawa inakuja inapojisikia, na watu wakagundua kwamba baa yenye televisheni kubwa inawatosha. Bendi ikavunjika. Mpiga solo akaaga kwamba anakwenda Dar kutafuta maisha, akalia begani kwa mume wangu hadi nikamwonea huruma. Ukumbi ukafungwa kufuli. Mume wangu aliiacha ngoma yake kwenye stoo ya ukumbi, maana chumba chetu cha Makanyagio kilikuwa kimoja na bati lake lilivuja. Alisema ataifuata tukipata nyumba. Nyumba tuliipata, lakini yeye tayari alikuwa mgonjwa, na ile ngoma akawa anaitaja kitandani kama mtu anavyomtaja mtoto aliye safarini. Alikufa hajaiona. Mwenye ukumbi wa wakati ule aliishi mbali na funguo alikuwa nazo yeye. Kila nilipotuma salamu niliambiwa iko salama, haiendi popote.

Mimi nikabaki. Miaka yote mtaa ulipokuwa umelala nilifagia mbele ya ukumbi asubuhi, nikawafukuza mbuzi waliolala barazani, nikawasha moto, nikawauzia madereva wa malori na mlinzi mzee wa ukumbi ambaye naye hakuwa na pa kwenda. Usiku wa manane ungeweza kudhani mji umehama. Asubuhi moshi wangu ulipopanda, watu wa stesheni walijua bado tupo.

Kisha lami ikafika, umeme ukatulia, mji ukajaa wageni wenye magari, na ikasemwa kwamba katikati ya mji pafufuliwe. Na nani akashuka kutoka Dar na mkataba wa ukumbi mkononi? Mpiga solo wetu. Tumbo mbele, miwani ya jua, na wenzake wawili waliopiga picha kila tofali. Alikuja moja kwa moja kwenye jiko langu. Alikula samaki, akalamba vidole, akasema mlinzi mzee akisikia, "Shemeji, pale getini ni pako. Ukumbi bila samaki wako si ukumbi." Nikamuuliza kuhusu ngoma. Akasema ameiona stooni, nivute subira ujenzi uishe, ataniletea nyumbani kwa mkono wake. Akamlilia mume wangu kidogo, kwa heshima. Nami nikaamini, mjinga mimi. Nilinunua hadi karai jipya.

Siku ujenzi ulipokaribia kwisha, nilifika asubuhi nikakuta mafiga yangu yametupwa mtaroni. Mahali pangu pamesimikwa fremu ya chuma yenye umbo la moyo, ya watu kusimama ndani yake na kupigwa picha. Nilimfuata. Alikuwa na mafundi na wale wenzake wa Dar. Nikamwambia, shemeji, mbona hivi? Hakunitazama mimi. Aliwatazama wenzake kwanza, ndipo akajibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Mama, hapa sasa tunataka watu wa kileo. Moshi wako upeleke mnadani."

Mnadani kwetu ni huko nje ya mji kunakouzwa ng'ombe, siku moja ya wiki, penye vumbi, mbwa na wachungaji waliovaa makubazi ya matairi. Alimaanisha hivyo hasa. Mafundi wakacheka, na mmoja wao nilikuwa nimemlisha asubuhi ya jana yake.

Nilipogeuka niondoke, mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na ndani, ukutani, juu ya jukwaa, niliiona. Ngoma ya mume wangu. Wameipaka rangi ya dhahabu kuanzia juu hadi chini, wameitoboa mti kwa drili, wameifunga ukutani kwa nati, na taa ndogo inaimulika kama keki. Nikasema, ile ni ngoma ya mume wangu.

"Ile sasa ni historia ya ukumbi, mama," akasema, na safari hii alikuwa akiangalia simu yake.

Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Nilitembea hadi Makanyagio karai likiwa kichwani, nimeng'ata meno mpaka taya likauma, na bodaboda walioniita nipande nao walipata matusi ambayo hayakuwa yao. Nilikuwa tayari kusamehe kuhusu getini. Watu hunyang'anywa mahali kila siku. Lakini kumfukuza mjane nje na kumpigilia marehemu ukutani, hapana. Nililala nikimwombea mabaya, nikaamka naendelea nilipoishia.

Basi nikaenda mnadani. Alinituma, nikatii.

Mnadani hawakunishangaa. Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao wengi walimjua mume wangu, au baba zao walimjua, na walipokwisha kuulizana kuhusu mimi wakaanza kuniita mke wetu. Walikula samaki kama watu waliotoka machungani, yaani hawakuacha hata mwiba. Nilipata wateja wazuri na wala sikufurahi. Nilikuwa nageuza samaki na kumgeuza yule bwana kwenye mafuta yaleyale.

Hapa nieleze jambo ambalo kila anayeishi na Wasukuma analijua. Ngoma zao zina pande mbili. Mchezaji ana upande wake, na hauachi. Baada ya mavuno pande hizo hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, huyu kona hii, yule kona ile, bila mwamuzi. Mwamuzi ni watu wanaotazama. Wakivutiwa huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule, na atakayekuwa na watu wengi mwisho wa siku ndiye mshindi. Ndiyo maana utaona mtu anarusha jembe hewani na kulidaka kwa meno, mwingine amejivisha chatu. Kwa hiyo upande mmoja hauitwi peke yake. Ukiuita mmoja umewatukana wa pili, na wa pili watakuja bila kadi. Na upande ukisikia ngoma za wenzao zinalia halafu ukabaki umejificha, umekwisha kushindwa hata kabla ya kucheza.

Siku moja nilikuwa napara samaki uani kwangu na jirani yangu, Mfipa mmoja mwenye kicheko kikubwa, gari la matangazo likapita mtaani. Jumamosi alasiri, ufunguzi mkubwa, keki, muziki, mgeni rasmi, na burudani ya asili ya Kisukuma, dakika kumi tu, msikose! Likataja kikundi. Kilikuwa cha upande wa pili, wale wapinzani wa mume wangu, wenye sare nzuri za kupendeza kwenye picha. Nikasubiri litaje kingine. Halikutaja. Nikaanza kucheka.

"Unacheka nini, mama?" jirani akaniuliza.

"Kaalika upande mmoja."

Akaacha kisu. "Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Mungu wangu," akasema, na yeye akaanza kucheka.

Mlinzi mzee aliniambia baadaye kwamba alimwonya. Alimwambia, "Bosi, hawa huitwa wote au haitwi mtu." Bosi akamjibu kwamba ni pambo tu, watacheza kidogo halafu watu waendelee na shughuli. Kijana wa ziwani, ameishi Mpanda miaka yote ile, amepiga gita bega kwa bega na mume wangu, na hakuwahi kumuuliza ile ngoma ilikuwa ya nini kabla ya bendi.

Na mimi ningeweza kumwonya. Muda ulikuwepo. Badala yake nilipanda bodaboda nikashika njia ya Sitalike, hadi kijiji anachoishi manju wa upande wa mume wangu, yaani kiongozi wao na mtunzi wa nyimbo zao. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda analainisha mpini wa jembe. Tukasalimiana kwa Kisukuma changu cha kuombea maji.

"Jumamosi wenzenu wanacheza mjini," nikasema.

Aliendelea na mpini wake. "Na sisi?"

"Nyie hamkuitwa."

"Wanachezea wapi?"

"Ndani ya ukumbi. Dakika kumi."

"Ndani?" Akacheka. "Kwani kutakuwa na mvua?"

"Nje kuna uwanja. Pale malori yalipokuwa yanapaki, sasa pamesakafiwa vizuri."

Akauweka mpini chini. Akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu aliponiona, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ngoma ya ndugu yetu iko wapi siku hizi, mayo? Tulisikia ilibaki mjini."

Nilikuwa nimelibeba jibu lake njia nzima. "Iko humo humo ndani. Wameifunga ukutani kwa nati. Wameipaka rangi ya dhahabu."

"Rudia."

Nikarudia.

"Wameitoboa?"

"Wameitoboa mti wenyewe. Huku na huku."

Aliinuka akaingia nyumbani, akakaa humo kidogo, akatoka amevaa kofia. Hakuniambia atakuja. Aliniuliza tu ni saa ngapi.

Jumamosi hiyo niliweka jiko langu ng'ambo ya barabara, upande wa stesheni ambako si kwake na hakuna wa kunifukuza. Nilivaa kitenge changu kizuri. Wageni wakaanza kushuka kwenye magari, wanawake wamevaa gauni za kuburuza, kila mmoja akisimama kwanza ndani ya ule moyo wa chuma kupigwa picha, pale pale nilipokuwa nakaanga samaki. Yeye alikuwa mlangoni amevaa suti nyeupe, anapokea mikono. Aliniona. Alijifanya hajaniona. Wachezaji wa sare nzuri wakapita kwenye kapeti, wakaingia ndani, milango ya vioo ikafungwa.

Halafu fuso likaja. Likapaki kando ya reli na upande wa mume wangu ukashuka, majembe mabegani, njuga miguuni, vumbi la njiani hadi kwenye kope. Hawakwenda uwanjani kwanza. Walikuja kwangu. Waliziinamisha ngoma zao kuzunguka jiko langu ngozi zikaze, na wakaniziba kabisa, na safari hii sikumfokea mtu. Nilichochea moto. Macho yaliniuma na nikasema ni moshi.

Ngoma zilipoanza kulia uwanjani, mimi sikuona ya ndani, lakini mlinzi mzee alikuwa mlangoni na amenisimulia mara nyingi, maana namwomba anisimulie. Anasema wale wa ndani walikuwa kwenye wimbo wa pili. Manju wao akainua mkono juu. Akasikiliza. Hakumwangalia mwenye ukumbi, hakumwangalia mgeni rasmi, aligeukia mlango. Mwenye ukumbi akanyakua kipaza sauti akasema, "Bado, bado, dakika zenu hazijaisha!" Wakatoka. Walitoka wakicheza, mstari mmoja, juu ya kapeti jekundu, milango ya vioo ikatetemeka. Na wageni, kwa kuwa waliambiwa burudani ni ya Kisukuma na sasa burudani inatoka nje, wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Wakainuka na simu zao wakaifuata.

Hayo mengine niliyaona mwenyewe. Pande mbili zikachukua kona zao na watu wakawa wanahama huku na kule kama maharage kwenye ungo. Jembe likaruka huku, watu wakakimbilia huku. Kule mtu akatoa nyoka guniani, gauni za kuburuza zikakimbilia kule. Wauzaji wa sokoni walifunga meza zao wakaja. Wasafiri waliokuwa wanasubiri treni wakaja na mizigo yao. Wahudumu wa ukumbi wakatoka na trei bado ziko mikononi, mpishi akatoka na kofia yake, na mwisho kabisa mgeni rasmi naye akatoka, akavua koti, akapanda juu ya kiti cha mtu. Nje walikuwa wamefunga spika kubwa ili mtaa mzima usikie hotuba. Sasa zilikuwa zinasema, "Wageni waalikwa, tunaomba turudi ndani. Keki bado haijakatwa. Tunaomba turudi ndani." Hakuna aliyegeuza shingo. Nilicheka nikashika mbavu.

Lakini sikuwa nimekuja kucheka. Nilimpa jirani yangu, aliyekuja kunisaidia, kijiko cha kugeuzia samaki, nikaazima spana kwa bodaboda, nikavuka barabara. Hata mlinzi mzee alikuwa ametoka kutazama nyoka. Nikapita kwenye kapeti jekundu na kandambili zangu zenye mafuta.

Ukumbi mzima ulikuwa na viti vilivyovishwa nguo nyeupe, na yeye peke yake jukwaani na kipaza sauti mkononi. Nilimpita. Nikavuta kiti hadi ukutani, nikakipanda, nikaweka spana kwenye nati ya kwanza.

"Shemeji!" akasema. "Shemeji, unafanya nini?"

Neno lilitoka hadi nje. Nililisikia likirudi kupitia madirishani. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, na yeye kwa kuchanganyikiwa hakukumbuka kwamba amekishika. Mimi nilikumbuka.

"Leo ni shemeji?" nikasema kwa sauti, nikizungusha spana. "Si mama?"

"Ni wewe uliyewaita. Najua ni wewe. Waambie warudi ndani, shemeji, nakuomba, wageni wangu wote wako nje."

"Uliniambia moshi wangu niupeleke wapi?"

"Shemeji, yale yamepita..."

"Niupeleke wapi?"

"Mnadani," akasema, na neno hilo likaenda nje.

Ngoma za nje zilinyamaza, upande mmoja, kisha wa pili. Hakuliona hilo. Alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa kipaza sauti. Mimi nilisikia kimya kile kikubwa nje na nikajua Mpanda nzima imetega sikio.

"Na pale getini uliniahidi nini mbele ya mlinzi?"

"Nitakupa getini! Ile fremu nitaing'oa kesho. Nitakupa popote unapotaka."

"Na hii ngoma ni ya nani?"

Akaitazama ngoma. Nikatoa nati, nikaiangusha sakafuni ili isikike.

"Nimekuuliza, ni ya nani?"

"Ya mumeo," akasema polepole. "Ni ya mumeo, shemeji."

Nje kukalipuka kelele ambazo sijawahi kuzisikia hata enzi za bendi. Hapo ndipo alipokitazama kile kipaza sauti. Uso wake siwezi kuueleza vizuri, ila naukumbuka nikiwa nimekosa usingizi na unanisaidia.

"Weka hicho kitu chini," nikamwambia, "uje ushike hapa isidondoke."

Akaja akashika. Nafikiri alizoea, maana wakati wa bendi yeye na mume wangu walikuwa wanaibeba pamoja. Nilifungua nati iliyobaki taratibu kabisa, sikuwa na haraka, nikamwacha aelemewe na uzito wake. Ilipotoka ukutani nikateremka kitini na kumwambia aibebe mwenyewe mpaka nje. Alitaka kuita mtu. Hakukuwa na mtu.

Basi akatoka nayo juu ya kapeti lake, ameikumbatia, mimi nyuma yake na spana. Rangi ya dhahabu ilikuwa ya bei rahisi na ikamwachia mabaka kwenye suti nyeupe, kifuani na tumboni. Watu wakampisha njia. Hakuna aliyemzomea, na nilisikitika kidogo kwa hilo. Aliiweka mbele ya jiko langu, akabaki ameinama hapo.

Manju akaigeuza, akatia vidole kwenye matundu, akatikisa kichwa. Akaiinamisha kwenye moto wangu. Rangi ikaanza kutoka mapovu na kunuka vibaya, yeye akawa anaifuta kwa gunia, anaizungusha, anagonga kidogo, anasikiliza, anairudisha motoni. Watu wote wale walingoja. Alipoipiga kwanza ilikoroma kama mzee aliyeamshwa. Akapiga tena. Ikafunguka.

Mimi nilijua itakuwa hivyo, na bado nikamshika jirani yangu bega. Ilikuwa yeye. Hakuna namna nyingine ya kusema. Watu wakamwagika kutoka ile kona ya pili hadi wale wa nyoka wakabaki na nyoka wao, na upande wa mume wangu ukashinda siku ile bila ubishi.

Niligeuka nimtazame adui yangu, nimwone akiumia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro na suti yake, amefumba macho. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinatembea hewani, vinatafuta nyuzi za gita. Nikavitazama kwa muda. Nikajua kitu anachokitaka hapa duniani kuliko kingine chote, na kwamba kinakwenda nyumbani kwangu.

Alipofumbua macho akaniomba samaki. Nikamwambia, "Foleni inaanzia kule, baba. Watu wa kileo wamekutangulia."

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Video za siku ile zilizunguka kwenye simu hadi Sumbawanga na Tabora. Watu wakaanza kuja Mpanda kuuona mtaa ambako ngoma mbili zilitoa wageni ukumbini. Yeye si mjinga; sasa kila mwisho wa mwezi anaalika pande zote mbili, uwanjani, na ukumbi wake unajaa kabla na baada. Redioni wanamsifu kwamba ndiye aliyeurudishia mji burudani. Kisasi changu mwenyewe ndicho kilichomjazia viti. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilivunja bakuli. Getini alinipa kweli, fremu aliing'oa, na mimi nikakataa. Nauzia mnadani, na siku za ngoma nauzia ng'ambo ya barabara, ambako ananiona vizuri.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya watu kutoka kanisani, alikuja kwangu Makanyagio. Bila miwani, bila wenzake, kwa bodaboda. Begani alikuwa na gita la zamani kwenye mfuko wake uliochakaa. Nilimkaribisha, nikampa kigoda, kwa sababu nilifunzwa. Amezeeka.

"Shemeji, sikuja kuiomba kwa ajili ya ukumbi," akasema. "Nataka kuisikia tu. Mara moja. Wewe uigonge, mimi nifuate kidogo kwa gita, halafu niondoke. Tangu siku ile sijalala vizuri. Nilikuwa nimesahau anavyolia."

Ngoma ilikuwa nyuma yake, imefunikwa kanga. Nilikwenda nikasimama pembeni yake, nikaingiza mkono chini ya kanga. Fundi aliniambia ngozi inaweza kuwambwa upya lakini matundu ya drili yatabaki, labda ayazibe kwa gundi na unga wa mbao. Nilimkatalia. Nikaingiza kidole kwenye tundu moja, likanipokea mpaka kwenye kifundo. Hasira yangu ilikuwa humo, haijapoa hata kidogo.

"Ilitobolewa," nikamwambia. "Hailii tena."

Alijua naongopa. Alikuwepo. Alinitazama, akaitazama ile kanga. Nikamletea ugali na migebuka, akala kidogo, mingine akaiacha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwangu. Akashukuru. Akabeba gita lake.

Nilimsindikiza hadi nje, nikarudi ndani, nikafunga mlango. Nikaondoa kanga, nikashika vijiti, nikasimama navyo. Nilisubiri mpaka nikasikia bodaboda imewaka, imekata kona na kupotea, ndipo nikaipiga.